Mstari wa hezi 140

Kazi yangu ya usiku ni kurekodi na kuhariri masimulizi, na kwa miaka kadhaa nimeifanya nikiwa mbele ya kompyuta ileile ya mezani, kipaza sauti kikiwa umbali wa hatua moja tu kutoka kwenye kasha lake. Nilikuwa nimeizoea sauti ya feni zake hata sikuisikia tena. Usiku mmoja nilifungua rekodi katika programu inayochora sauti kwa masafa yake, nikaona mstari mwembamba, ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi, ukipita chini ya maneno yote tangu mwanzo wa rekodi hadi mwisho. Ulikuwa kwenye hezi 140, yaani mitetemo 140 kwa sekunde. Juu yake palikuwa na mwingine hafifu kwenye hezi 280, na wa tatu, hafifu zaidi, kwenye hezi 420. Nilipojaribu kuuchuja, sauti ya msimuliaji nayo ilikonda, kwa kuwa mzizi wa sauti ya mwanamume anapozungumza huwa katika masafa hayohayo, kati ya hezi 85 na 180 hivi. Nilitambua kwamba mlio ule ungepaswa kuzimwa pale unapozaliwa.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa ile ambayo watu wengi huichukua: nilinunua feni mbili mpya za mbele ambazo kisanduku chake kilitaja kelele iliyo chini ya desibeli 20, nikazifunga mahali pa zile za zamani, nikarekodi tena. Mstari ulikuwa palepale, kwenye hezi 140, umefifia kidogo sana. Nilisikitika, lakini kushindwa huko kulinilazimisha kuuliza swali ambalo ningelitanguliza: sauti ya feni inatoka wapi hasa?

Mlio wenye masafa maalumu una chanzo kinachohesabika. Kila panga la feni linapopita mbele ya kizuizi, liwe ni mkono wa fremu au ukingo wa tundu la bati, huisukuma hewa mara moja. Basi ukizidisha idadi ya mapanga kwa mizunguko ya sekunde moja, unapata masafa ya mlio. Feni zangu za mbele zilikuwa na mapanga saba, nazo zilizunguka mara 1,200 kwa dakika, yaani mara 20 kwa sekunde. Saba mara ishirini ni 140. Mistari miwili ya juu ilikuwa mara mbili na mara tatu ya mlio huohuo. Feni ya nyuma ilikuwa na mapanga tisa na mwendo huohuo, kwa hiyo mlio wake ungekuwa kwenye hezi 180, na hapo palikuwa peupe kabisa. Feni mpya nazo zilikuwa na mapanga saba, nazo niliziachia mwendo wa 1,200, nyuma ya bati lilelile la mbele la kasha. Nilikuwa nimebadilisha feni bila kubadilisha chochote katika mazingira yake.

Namba iliyo kwenye kisanduku haikuwa ya uongo. Watengenezaji hupima kelele ya feni moja, ikiwa imening'inizwa peke yake katika chumba kisicho na mwangwi, pasipo bati, chujio wala mapezi ya kupoozea, mara nyingi kwa umbali wa mita moja. Anayekaa nusu mita kutoka kwenye kasha huongezewa takribani desibeli 6 kwa sababu ya umbali pekee, na feni mbili zinazofanana huongeza desibeli 3 juu ya kelele ya moja. Zaidi ya hayo, kipimo kinachotumika, kinachoandikwa dB(A), kimepewa uzani unaopunguza sauti za chini, kwa hiyo mlio wa hezi 140 huhesabiwa kidogo kuliko mvumo wa upepo ulio juu yake, ijapokuwa sikio la mtu aliye katika chumba kimya usiku huudaka ule mlio kwanza. Kwa maoni yangu, feni yenye mvumo laini wa desibeli 25 ni jirani mwema kuliko feni ya desibeli 21 yenye mlio mmoja unaochoma. Kwa hiyo namba ya desibeli naitumia kulinganisha feni mbili za mtengenezaji mmoja tu, zilizopimwa kwa njia moja.

Kinachotawala kelele kuliko jambo lingine lolote ni mwendo. Wahandisi wa feni wana kanuni ambazo zimetumika kwa muda mrefu na hazina siri: hewa inayosukumwa hupungua sawasawa na mwendo, shinikizo hupungua kwa kipeo cha pili, na umeme unaotumika hupungua kwa kipeo cha tatu. Ukishusha mwendo kwa nusu, unabaki na nusu ya hewa, robo ya shinikizo na thumni ya umeme. Kelele nayo hushuka kwa takribani desibeli 15, na hilo ni punguzo kubwa sana, kwa sababu desibeli 10 huhisiwa na sikio kama nusu ya sauti. Hata kushuka kutoka mizunguko 1,200 hadi 800 kwa dakika kunapunguza karibu desibeli 9, huku theluthi mbili za hewa zikiwa bado zinapita.

Theluthi mbili zinatosha? Hapa ndipo hesabu ya joto inapoingia, nayo ilinishangaza kuliko yote niliyojifunza. Tuseme vipande vilivyo ndani ya kasha vinatoa joto la wati 300, kiasi ambacho kompyuta nyingi hukifikia pale tu zinapofanya kazi nzito. Ikiwa hewa inapita kwa kiasi cha mita 50 za ujazo kwa saa, itatoka nje ikiwa na joto la nyuzi 18 hivi juu ya ile iliyoingia. Kwa mita 100 za ujazo tofauti hiyo inakuwa nyuzi 9. Kwa mita 200 inakuwa nyuzi 4 na nusu. Hatua ya kwanza ya kuongeza hewa maradufu inakupa nyuzi 9, hatua ya pili inakupa nusu yake, lakini kila hatua, ukiifanya kwa kuongeza mwendo wa feni zilezile, inakudai desibeli 15 kamili. Kuna mahali ambapo kuongeza upepo kunakuwa ni kununua kelele tupu, na kompyuta nyingi nilizozifungua zilikuwa zimeshapita hapo kwa mpangilio wa kiwandani.

Kutokana na hesabu hizo, ukubwa na idadi ya feni vina maana isiyotarajiwa na mtu anayeanza. Mtu huhofia kwamba feni nyingi ni kelele nyingi. Feni mbili zilizowekwa sambamba na kuzungushwa kwa nusu ya mwendo husukuma takribani hewa ileile ya feni moja yenye mwendo kamili, ilimradi njia ya hewa iko wazi. Kila moja imeshuka desibeli 15, kuwa mbili kumerudisha 3, na faida inayobaki ni desibeli 12 hivi. Vivyo hivyo feni ya milimita 140 ina eneo la mraba lililozidi lile la feni ya milimita 120 kwa asilimia 36, kwa hiyo hupeleka hewa ileile kwa mwendo wa chini. Kasha likiwa na nafasi ya 140, sioni sababu ya kufunga 120. Kabla ya kununua ni vyema kupima umbali kati ya matundu ya skrubu, ambao ni milimita 105 kwa feni ya 120 na milimita 124.5 kwa feni ya 140, na pia kuangalia unene: wa kawaida ni milimita 25, nazo feni nyembamba za milimita 15 zinafaa pale tu ambapo hakuna namna nyingine, kwa kuwa mapanga membamba hulazimika kukimbia ili yafanye kazi ya mapanga mapana.

Nirudi kwenye bati langu. Nimesema kanuni zile zinadai njia iliyo wazi, na njia ya hewa ndani ya kompyuta mara nyingi haiko wazi. Kila feni hutangazwa kwa namba mbili: kiasi kikubwa kabisa cha hewa, kilichopimwa pasipo upinzani wowote, na shinikizo kubwa kabisa, lililopimwa njia ikiwa imezibwa na hewa haitembei. Hakuna kompyuta inayofanya kazi katika mojawapo ya hali hizo mbili. Feni halisi iko mahali fulani katikati, panapoamuliwa na upinzani inaokutana nao, na ndiyo sababu grafu inayoonyesha hewa dhidi ya shinikizo ina thamani kuliko namba zote mbili, kwa mtengenezaji anayekubali kuichapisha. Kwa feni ya nyuma inayotoa hewa kwenye nafasi tupu, shinikizo si jambo la kuhangaikia. Kwa feni iliyobanwa kwenye rejeta ya maji, kwenye kipoza joto chenye mapezi yaliyosongamana, au nyuma ya chujio zito la vumbi, shinikizo ndilo linaloamua, kwani feni dhaifu mahali hapo itazunguka na kuvuma huku hewa ikirudi kupitia pengo lililo kati ya ncha za mapanga na fremu.

Pengo hilo ni dogo kwa macho lakini lina gharama. Kampuni ya Noctua ya Austria, katika feni yake ya NF-A12x25 iliyotoka mwaka 2018, ililipunguza hadi nusu milimita, na ililazimika kutumia aina ya plastiki ngumu sana isiyovutika, kwa maana plastiki ya kawaida ikizungushwa kwa miaka katika joto hurefuka kidogo kidogo hadi ncha zikwaruze fremu. Kampuni ya Phanteks walifuata njia nyingine katika feni yao ya T30, wakaongeza unene hadi milimita 30 ili kuyapa mapanga nafasi zaidi. Sisemi kwamba kila mtu anahitaji feni za namna hiyo. Nasema kwamba bei yake imefungwa katika kazi ya shinikizo, na ukizifunga mahali pasipo na upinzani, sehemu kubwa ya ulicholipia hutaiona.

Bati la mbele la kasha langu lilikuwa na matundu madogo ya pembe sita, na feni zilikuwa zimefungwa zikigusana nalo kabisa. Jambo hili halisemwi vya kutosha: kizuizi kilicho upande ambao feni inavutia hewa hudhuru kuliko kilicho upande inakoitolea. Hewa iliyopasuliwa na matundu hufika kwenye mapanga ikiwa na msukosuko, sehemu moja ina kasi na nyingine imelala, na kila panga hupigwa na tofauti hizo mara zilezile katika kila mzunguko. Hapo ndipo mlio unapokolea. Nilikata fremu mbili za sponji ngumu zenye unene wa milimita 10, nikaziweka kati ya bati na feni, nikafunga kwa skrubu ndefu zaidi, nikahakikisha kwamba hakuna mwanya wa pembeni ambao hewa ya moto ya ndani ingepitia na kurudi mbele. Niliporekodi tena, mstari wa hezi 140 ulikuwa umekonda kuliko nilivyotegemea, nao wa 420 ulikuwa umetoweka. Sikuwa nimebadilisha feni wala mwendo. Kipande cha sponji kilifanya kazi ambayo feni mpya zilishindwa kuifanya.

Mlio uliobaki ulitoka kwenye mtetemo. Ukiweka kiganja kwenye ubavu wa kasha na sauti ikabadilika, bati linaimba pamoja na feni. Vishikizo vya mpira badala ya skrubu za chuma husaidia, na pedi za mpira kwenye pembe za fremu husaidia pia. Lakini ikiwa kuna mwendo fulani ambapo kasha linavuma ghafla na kunyamaza ukiupita, dawa rahisi ni kuupanga mwendo wa feni usitulie hapo. Kuna pia jambo la feni mbili pacha zinazozunguka karibu sawa lakini si sawa kabisa: moja ikitoa hezi 140 na nyingine 141, utasikia sauti ikipanda na kushuka mara moja kila sekunde, na sikio haliwezi kulizoea. Nilizitenganisha zangu kwa mizunguko 80 kwa dakika, na kupanda na kushuka huko kukaisha.

Kuhusu beringi nitasema kwa ufupi. Bushi ni ya bei nafuu na ni kimya ikiwa mpya, lakini haipendi kulazwa, kwa sababu feni inapotazama juu au chini mafuta huelekea kutoka na ekseli huanza kula upande. Beringi ya gololi huvumilia joto na kulazwa, na hudumu, ila ina mkwaruzo mdogo unaosikika katika mwendo wa chini, pale ambapo upepo hauna sauti ya kuufunika. Beringi ambayo ekseli yake huelea juu ya mafuta yanayoshinikizwa na mifereji midogo iliyochongwa ndani ndiyo ninayoitafuta kwa kompyuta ya kimya. Saa 150,000 zinazotajwa kwa feni nzuri ni sawa na miaka 17 ya kuzunguka bila kupumzika, lakini hizo ni wastani wa makadirio ya kundi kubwa, na feni moja mkononi mwako haijaahidiwa chochote zaidi ya dhamana yake.

Udhibiti wa mwendo unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu feni bora kabisa ikiendeshwa vibaya itakusumbua kuliko feni ya kawaida iliyopangwa vizuri. Feni yenye waya tatu hupunguzwa mwendo kwa kupunguziwa volti, na huwa na volti ambayo chini yake haianzi kuzunguka. Yenye waya nne hupokea volti 12 kamili wakati wote, na waya wa nne hupeleka mapigo ya kuiambia mota ifanye kazi kwa asilimia ngapi. Mapigo hayo yamewekwa kwenye kilohezi 25 ili yawe juu ya upeo wa usikivu wa binadamu. Ukichomeka feni ya waya tatu kwenye soketi ya pini nne iliyopangwa kwa mapigo, itakimbia kwa mwendo wote bila kujali unachokiomba, hadi uingie kwenye mipangilio ya ubao mama, yaani bodi kuu ya kompyuta, na kuibadilisha soketi hiyo iwe ya volti. Nimekutana na watu wenye feni nzuri waliozilaumu bure kwa jambo hili. Pia soketi moja kwa kawaida hubeba ampia 1 tu, kwa hiyo kabla ya kugawa waya kwa feni tatu au nne, jumlisha ampia zilizoandikwa kwenye vibandiko vyake.

Halafu kuna mpangilio wa joto na mwendo. Prosesa ni kipande kidogo sana, na joto lake linaweza kuruka nyuzi 20 katika muda wa kufungua ukurasa mmoja, kisha likashuka. Feni ikilifuata joto hilo hatua kwa hatua, itapumua kwa nguvu na kunyamaza, siku nzima, na sikio la mwanadamu huvutwa na mabadiliko kuliko sauti inayodumu. Mapezi ya kipoza joto chake yana uzito wa kutosha kumeza miruko hiyo bila msaada. Kwa hiyo nimeweka ucheleweshaji wa sekunde kadhaa kabla feni haijapanda, mrefu zaidi kabla haijashuka, na nimeulaza mstari wa mpangilio hadi nyuzi 60 ili chini ya hapo mwendo usibadilike kabisa. Feni za kasha nimeziondoa kwenye joto la prosesa, nikazifungamanisha na joto la ubao mama, ambalo hupanda na kushuka polepole. Wale wenye kadi kubwa ya michoro wafahamu kwamba mara nyingi feni za kadi yenyewe ndizo zenye kelele zaidi kazi inapozidi, na kwamba kuipunguzia kadi kiwango cha juu cha wati huleta utulivu mkubwa kwa hasara ndogo ya nguvu.

Nimebaki pia na desturi ya kufungua kasha kila baada ya miezi michache, kwa kuwa vumbi kwenye chujio ni upinzani ule ule nilioueleza. Ninapopuliza hewa ya kopo huyashika mapanga kwa kidole, kwa sababu feni inayozungushwa na upepo wa nje inaweza kupita mwendo ambao beringi yake iliundwa kuumudu, na mota yake inaweza kugeuka jenereta inayorudisha umeme kwenye ubao mama.

Mwishowe nilihamia kwenye kasha lenye uso wa wavu mpana, nikafunga mbele feni mbili za milimita 140 zenye mapanga saba. Moja huzunguka mara 600 kwa dakika na nyingine mara 640, hivyo milio yake iko kwenye hezi 70 na karibu 75, chini ya mahali ambapo sauti ya msimuliaji inaanzia, na kichujio cha sauti za chini kilichomo katika programu yoyote ya kuhariri huiondoa bila kugusa neno. Jana usiku nilifungua rekodi mpya na kuitazama kwa masafa. Kabla ya neno la kwanza palikuwa na pumzi ya msimuliaji tu, na chini yake pametakata.